Kitufe cha Kumwita Mwanahawa

Wenzangu, mpaka leo nikipita mbele ya msikiti najifunika khanga usoni, maana hapa Mtawanya hakuna asiyejua kuwa miye, Bi Zainabu, nilimtimua shehe kwenye hitima ya mume wangu.

Mjukuu wangu Mwanahawa, fundi wa vifaa huko Dar es Salaam, aliniwekea kikompyuta kama kipande cha sabuni, chenye nyaya mbili: mmoja unatoka kwenye kamba ya shamba la mpunga, nguruwe akiigusa king'ora kinalia juu ya bati, wa pili unatoka kwenye kitufe cha ukutani, nikibonyeza inalia simu yake kokote aliko. Akanieleza, "Bibi, hiki hakijui nguruwe wala kitufe, kinajua tundu waya ulipochomekwa. Tundu likishtuka, kinaacha kila kinachofanya, kinakimbilia kazi ya tundu hilo." Nikaitikia ndiyo (sikuelewa, nilikuwa namtazama alivyokonda).

Siku ya hitima nilimwambia asije, kazi kwanza, ila moyo haukutaka. Basi nikakihamisha kikompyuta kupisha masinia ya pilau, nikachomoa nyaya, nikazirudisha popote zilipoingia, tundu si tundu! Shehe Athumani kaanza dua, wajukuu wote mkekani, Mwanahawa tu hayupo, nikashindwa kuvumilia, nikapenyeza mkono nyuma ya pazia, nikabonyeza.

King'ora! "Nguruwe! Nguruwe!" Wanaume wakatoka na mapanga, shehe naye mbio, kanzu kaikunja, sinia likapinduka, nami kwa kiherehere nikabonyeza tena nikidhani nazima, kikazidi. Shambani hakuna nguruwe, kuna mbuzi wa jirani yangu Bi Tatu anajikuna kwenye kamba.

"Weye Zainabu," Bi Tatu akacheka, "marehemu angekuwepo angetangulia mbele ya shehe!"

Alasiri bodaboda ikasimama uani. Mwanahawa, macho mekundu. Kumbe kila mbuzi alipojikuna simu yake ililia kuwa namwita, akinipigia, yangu nimeizima kwa heshima ya dua.

"Nilijua umekufa, Bibi."

"Na kazi yako?"

"Nimeiacha pale pale mezani."

Akalia, akala ukoko wa pilau, akalala kitandani kwangu kama zamani, asubuhi akarudisha kila waya kwenye tundu lake, akaondoka.

Nyaya sizigusi tena, wallahi. Ila kitufe nitakibonyeza, hata nikiwa sina la kumwambia.