Umri wa Fundi

Barua ya kunikataa ilinifikia Biharamulo wakati vita na Uganda bado haijafikiriwa na mtu. Nilikuwa mwalimu wa historia, niliyelelewa na mapadre katika Kilatini na sarufi, na chuo kikuu kimoja cha Kanada kilikuwa tayari kimekubali kunipokea kwa shahada ya uzamivu. Kwa kuwa sikupata ufadhili, niliomba ukaazi wa kudumu, nipate kufanya kazi huku nikisoma. Serikali ya huko ilimpima mwombaji kwa alama, kama sisi tulivyowapima wanafunzi wetu: za elimu, za kazi, za lugha, za umri. Kwa elimu nilipata nyingi. Kazi yangu, waliandika, haikuhitajika nchini mwao. Kifaransa sikukijua, na Kilatini hakikuwa na safu katika fomu.

Niliikunja barua ile nikaitia ndani ya kamusi, nikamweleza mtu mmoja tu: fundi wa malori wa misheni. Tulikua jirani huko Bukiriro, wilayani Ngara. Wazazi wake walikuwa wamevuka mpaka kutoka Burundi kabla hajazaliwa, wakapewa shamba lililopakana na letu. Baadaye kazi ilitupeleka sote wawili Biharamulo, na operesheni ya vijiji ilipopita tukajikuta tumepangiwa mstari mmoja wa nyumba katika kijiji kimoja cha ujamaa. Alinisikiliza akiwa amelala chini ya lori, nami nikiongea na miguu yake.

"Sasa hao Wakanada wanataka watu gani?" akauliza.

Orodha nilikuwa naikumbuka neno kwa neno. Nikamtajia wachomeleaji, mafundi umeme, mafundi wa mitambo mizito.

Miguu ikatulia. Akajivuta nje, uso umejaa mafuta, akaniangalia.

"Mwalimu, unasema kweli au unanitania?"

Nilisema kweli. Ndivyo nilivyompa mlango kwa mkono wangu mwenyewe, na kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimekwisha kumhesabia alama zake. Alikuwa na darasa la nane tu. Lakini kazi yake ilikuwa miongoni mwa zile zilizotakiwa zaidi, na Kifaransa alikijua: bruda mmoja mzee, mzaliwa wa Kanada, ndiye aliyemfundisha gereji, na fundi alikibeba Kifaransa chake chote, pamoja na matusi ya kufungulia nati zilizoshika kutu. Mimi niliyesoma miaka kumi na saba nilikuwa nimeshindwa na mtu ambaye barua zake zote niliziandika mimi. Nilirudia hesabu mara tatu, nikitumaini nimekosea kujumlisha.

Fomu yake niliijaza mimi pia. Alikaa mbele yangu, amenawa mikono mpaka kwenye viwiko, akajibu kila swali kwa uaminifu wa mtu anayeungama. Tulipofika kwenye tarehe ya kuzaliwa akacheka.

"Andika ile ya rejista. Nyingine sina."

Hakuwa nayo kweli. Alibatizwa akiwa mkubwa, na padre alinakili umri kutoka katika rejista ya darasa la kwanza. Rejista yenyewe iliandikwa na katekista wa Bukiriro kwa kipimo cha siku zile: mtoto alipitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, na ukigusa sikio la kushoto alihesabiwa ametimiza miaka saba. Ofisi ya Wakanada ilikubali kwamba watu wa kwetu hawana vyeti. Ilitaka badala yake ushahidi wa maandishi wa mtu msomi aliyemjua mwombaji tangu utotoni, uliogongwa mhuri wa serikali ya kijiji. Mtu huyo hakuwa mwingine ila mimi.

Hapa sina budi kuwa sahihi. Katika umri, alama zilikuwa zikipungua kwa kila mwaka uliozidi kiwango walichokiweka, na kwa umri wa rejista fundi alikuwa amesimama ukingoni. Nami nilikuwa na shaka kwamba ni mkubwa kuliko rejista, kwa sababu tangu utoto alikuwa na mwili mkubwa. Basi likizo ilipofika nilipanda lori hadi Ngara, nikaenda kwa miguu Bukiriro kumuuliza mama yake. Nilijiambia kuwa ni utafiti, kwamba msomi hatii sahihi jambo asilolichunguza. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikitafuta miaka ya kumwongezea.

Nilimkuta mama akichambua maharage uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwana wanje. Umekonda! Huko Biharamulo mnakula vitabu?"

Nilimweleza nilichokijia. Akaendelea kuchambua, akitupa mawe upande mmoja.

"Mwaka siujui. Lakini wewe ulinivunjia chungu changu cha maji."

"Mimi?"

"Wewe, nani mwingine? Nilikuwa nimekitua nipumzike, ana miezi minane tumboni, mgongo unaniuma. Ukaja mbio unamkimbiza kuku, pwaa! Nikarudi mtoni na tumbo langu. Mama yako alinipa chungu kingine, muulize kama anabisha."

"Nilikuwa na miaka mingapi?"

"Ulikuwa unakimbia na unatukana. Mtoto wa miaka mitatu, au zaidi."

Nikamuuliza kuhusu shule. Akacheka mpaka akaweka ungo chini. Siku tuliyopelekwa, alisema, mkono wangu uligusa sikio vizuri. Wa mwanawe uliishia utosini. Katekista aliamuru arudishwe nyumbani, lakini baba yake, aliyekuwa amekwisha kupoteza siku nzima ya kupalilia, aliapa kwamba hatarudi tena njia ile. Katekista akaona mwili wa mtoto, akamhurumia baba, akawaandikia wote wawili mwaka mmoja.

"Wewe ndiye mkubwa," akamalizia. "Sana. Hata ukimpisha kwenye kiti, ajue kwamba mkubwa ni wewe."

Nilirudi Biharamulo nikiwa na matokeo kamili ya utafiti wangu. Fundi alikuwa mdogo kuliko rejista kwa miaka mitatu, na miaka hiyo mitatu ingemvusha kwa urahisi. Nimewahi kusahihisha tarehe katika maandishi ya watu wakubwa kwa ushahidi dhaifu kuliko chungu kile. Lakini safari hii nilikaa mezani nikajifundisha kanuni mpya: kwamba rejista ni hati, na maneno ya mwanamke mzee anayechambua maharage si hati. Nikaandika mwaka wa rejista, kwa Kiingereza safi, nikathibitisha kwamba najua hivyo mimi binafsi.

Mwenyekiti wa kijiji aliugonga mhuri ushahidi huo bila kuusoma.

"Kanada!" akasema. "Na shamba la kijiji atalima nani, ndugu fundi? Baridi ya huko itakulima wewe."

"Nitakuletea koti, ndugu mwenyekiti."

"Lete trekta."

Kisha vita ikaja. Malori ya misheni yalichukuliwa kubeba vyakula kwenda kaskazini, na fundi akawa hapumziki. Alifungua injini usiku na mchana, na watu waliopita walimwita kwa heshima ambayo hakuna aliyewahi kumpa mwalimu wa historia. Hata hilo nilimwonea wivu. Jibu lilifika katikati ya heka heka hizo. Aliniletea bahasha haijafunguliwa, kwa kuwa ilikuwa kwa Kiingereza.

Nilisoma kimya kwanza. Alikuwa amekataliwa. Nataka kuandika nilichohisi kama kilivyokuwa: mabega yangu yalishuka, pumzi ikatoka, na kwa muda mfupi nilikuwa na furaha. Nilimsomea kwa Kiswahili, nikajitahidi sauti isinitoke nyepesi.

"Nimepungukiwa wapi?" akauliza.

Barua ilitaja. Ningeweza kusema neno lolote, naye asingejua.

"Umri," nikasema.

Akajifuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa.

"Mama aliniletea salamu kwa mtu wa Bukiriro. Anasema ulikwenda, akakuhadithia habari ya chungu. Anasema amecheka wiki nzima."

"Nilikwenda."

"Alikwambia kwamba mimi ni mdogo?"

"Aliniambia."

"Ukaandika?"

"Niliandika rejista."

Nje, dereva alikuwa akimwita. Fundi hakugeuka. Nilimngojea anitukane kwa lugha yoyote kati ya zile alizokuwa nazo, na nilikuwa nimejiandaa kwa hoja ya hati na masimulizi. Nilikuwa nayo ndefu.

"Fungua daftari," akasema. "Andika kama mama alivyosema. Chungu, kuku, sikio, yote. Mimi nitakaa hapa mpaka umalize."

"Dereva anakuita."

"Angoje. Vita haitaisha leo."

Akavuta kiti akakaa, magoti wazi, mikono imening'inia. Niliandika kurasa mbili. Kila nilipoinua kalamu aliniangalia, na kila alipoona sentensi imekuwa fupi aliuliza, "Hapo umesema nini?" nami nikamtafsiria. Alinisahihisha mara moja tu: katekista hakumhurumia baba, alisema, alimwogopa. Nikabadilisha. Mwishoni nikaeleza kuwa ushahidi wangu wa kwanza ulikuwa na kosa, kwamba kosa lilikuwa langu, na kwamba nililijua nilipotia sahihi. Maneno hayo ya mwisho hakuniambia niyaandike. Nilipomtafsiria, aliinama akafunga kamba ya kiatu.

Mwenyekiti alituuliza kwa nini umri wa mtu unabadilika, akagonga mhuri.

Jibu la pili lilichelewa hata majeshi yakarudi. Fundi aliniletea bahasha vilevile, imefungwa, ingawa sasa walikuwapo watu wengine wa kumsomea. Alikuwa amekubaliwa. Nilimsomea barua yote, hata anwani ya ofisi na cheo cha aliyetia sahihi, polepole, nikitafsiri kila neno, na nilipofika mwisho aliniomba nirudie tangu mwanzo. Nikarudia. Wivu ulikuwa palepale.