Mafua Yasiyo na Chafya

Mimba mbili za mwanzo zilitoka kabla ya miezi mitatu. Kwa hiyo ya tatu ilipoingia, mie na mume wangu tulikubaliana kufunga mdomo. Tulikuwa tumehamia Madale, kwenye nyumba yetu ambayo haijapigwa hata plasta. Kuficha tumbo la wiki saba ni rahisi. Kilichonishinda ni pua.

Mume wangu ni mchongaji, ana banda lake Mwenge, na vinyago vya mpingo anaving'arisha kwa rangi ya viatu. Harufu hiyo niliizoea tangu uchumba. Sasa nikawa naisikia yeye akiwa bado getini, na mate yananijaa mdomoni. Tukakubaliana awe anaoga uani kwanza, nguo safi nimemtundikia kwenye kamba, ndipo aingie ndani. Vitunguu nilivikaanga nimevaa barakoa yenye ganda la limau ndani yake. Tuliishi hivyo, mpaka mama mkwe alipokuja kutoka Lindi kututembelea.

Mama mkwe wangu hawezi kukaa nyumba isiyofukizwa. Alikuja na udi wake kwenye kopo, na chetezo cha udongo amekiviringisha ndani ya kanga. Kila jioni mkaa ukishika, moshi ulitembea chumba hadi chumba, nami nakimbilia uani, eti naanua nguo. Kuhusu barakoa nilisingizia mafua.

"Mafua gani haya yasiyo na chafya?" aliniuliza siku ya nne, akiitazama barakoa.

"Vumbi la huku, mama."

Alikuwa anamwangalia mwanawe akijimwagia maji uani, upepo unampiga. Nilijua anachofikiria: kwamba namdharau mwanawe kwa kazi yake. Neno moja tu kutoka kwangu lingemaliza yote. Lakini mimba ya pili tulimwambia mapema, naye kwa furaha akapigia simu ukoo mzima. Ilipotoka, nilipokea pole wiki tatu, nyingine za watu nisiowajua hata sura. Nikaapa kwamba hayatanikuta tena.

Ijumaa moja nilikuwa nimelala mchana, nikaamka nahisi nakabwa. Mama mkwe alikuwa ameingia chumbani, ametandaza nguo zetu juu ya kiti, chetezo kiko chini yake kinafuka.

"Nyumba yenu imeingia ubaridi," alisema taratibu. "Nawafukizia ili mpatane."

Nilitaka kumwambia tafadhali mama, toa. Badala yake nikakinyakua kile chetezo, nikatoka nacho mbio, nikakitupa uani. Kikapasuka, mkaa ukatawanyika mchangani. Nikapiga magoti kando ya senyenge, nikatapika mpaka nyongo.

Nilipoinua kichwa, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mikono inaning'inia. Chetezo kile alikuwa nacho tangu mume wangu hajazaliwa. Ng'ambo ya senyenge, jirani aliacha kufua.

"Kulikoni, mama? Mkweo ana nini?"

Mkono wangu ulikuwa tumboni, sijui niliuweka saa ngapi. Mama mkwe aliutazama ule mkono.

"Vidonda vya tumbo," akamjibu jirani. "Anavyo siku nyingi."

Akaniinua, akaniingiza ndani, akafunga mlango.

"Ina muda gani?"

"Wiki tisa, mama. Nisamehe, chetezo chako..."

"Achana na chetezo. Mbona mlinificha?"

Nikamwambia yote, zile simu na zile pole. Sikupamba neno. Alinisikiliza huku anakunja na kukunjua pindo la kanga.

"Nilifurahi," alisema. "Kufurahi nako ni kosa?"

Siku mbili hatukuvuka shikamoo na marahaba. Lakini hakufukiza tena, na simu ilipoingia kutoka Lindi, nilimsikia akisema huku wote wazima, hakuna jipya.

Wiki ya kumi na mbili, asubuhi, niliokota shati la kazi la mume wangu uani nikagundua nimelishika karibu na uso, na sisikii kitu. Nikalinusa. Shati tu. Niliogopa, maana mara zote mbili ndivyo ilivyoanza: kichefuchefu kiliisha, siku chache baadaye ikaja damu. Mume wangu alishaondoka. Nikaenda jikoni.

"Mama, sisikii harufu."

Alizima jiko, akajitanda kanga, tukapanda bajaji hadi zahanati ya kule Tegeta. Njia nzima alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu.

Muuguzi alinilaza, akanipaka mafuta ya baridi tumboni, akapitisha kifaa cha kusikilizia. Kimya. Akasogeza kushoto. Kimya. Mama mkwe akaanza kuomba dua chini kwa chini. Muuguzi akashusha kifaa kidogo zaidi, ndipo tukausikia mdundo, unakwenda mbiombio bila kupumzika.

"Ni moyo wa mama huo?" mama mkwe akauliza.

"Wa mtoto," muuguzi akasema. "Na kichefuchefu kuisha sasa hivi ni kawaida kwa wengi."

Nje tulikaa kwenye benchi. Yeye alilia, mie machozi yaligoma.

Binti yetu alizaliwa miezi ilipotimia, mzima kabisa. Lakini mpaka siku ya kujifungua mama mkwe hakurudi Lindi, na kila nilipotoka chooni alinitazama usoni, nami nilitikisa kichwa kumjulisha kwamba hakuna damu.