Mita Mia Mbili Nyuma ya Mama Mkwe

"Kwenye Njia ya Mbuzi hakuna binadamu wa kunisimamisha. Nikianza kushuka, hata kifo kinasogea pembeni kinipishe."

Maneno hayo aliyasema Magige Werema kwenye kipaza sauti, siku ya mnada pale Susuni, mbele ya watu, ng'ombe na muuza dawa ya panya aliyekuwa amekodisha kipaza sauti hicho. Watu walipiga makofi. Ng'ombe, ambao wanaifahamu Njia ya Mbuzi, walikaa kimya.

Magige ana miaka thelathini na mbili, na kumi na tisa kati ya hiyo ameitumia kupanda na kushuka mlima ule ule. Asubuhi anafunga mikungu mitatu ya ndizi kwenye keria, anaipeleka Sirari, jioni anarudi na chumvi, sabuni na maneno ya Kikenya. Hajawahi kulala nje ya Tarime. Ukimuuliza Mwanza ikoje, anakuelezea kama mtu aliyesimuliwa na mtu aliyesimuliwa. Anasema ule mlima umemmeza na bado haujamaliza kutafuna.

Kwa hiyo ilipokuja habari ya mbio za baiskeli, Magige hakulala usingizi wa maana wiki mbili. Kambi moja ya watalii upande wa Natta ilitaka mtu wa kuongoza wageni kwa baiskeli za milimani. Wazungu, ilisemekana, wamechoka kukaa ndani ya gari wakiangalia simba amelala; sasa wanataka kutoka jasho juu ya mawe. Meneja wa kambi, bwana mmoja anaitwa Salvatori, mtulivu, viatu safi kupita kiasi, alitangaza masharti: kilomita ishirini na moja, kupanda kutoka mnadani, kukatiza uwanda wa juu, kushuka kwa Njia ya Mbuzi hadi uwanja wa shule. Atakayefika wa kwanza anapata kazi. Mkataba, sare, nyumba ya kuishi na familia. Wa pili anapata soda.

"Nyumba ya bati?" aliuliza Wegesa, mke wa Magige, habari ilipofika jikoni.

"Bati la rangi," alisema Magige.

Wegesa akaanza kugawa masufuria moyoni: haya yanakwenda Natta, haya anaachiwa shangazi.

Magige akaing'oa keria. Akaweka matairi ya meno ya mtumba kutoka ng'ambo ya mpaka, na usukani mpana kama pembe za ng'ombe dume. Fremu ilibaki ile ile ya Foniksi, kongwe, yenye mlio wake ambao kijiji kizima kinaujua: kwii-ko, kwii-ko. Watoto wakiusikia wanajua baba Gati amerudi. Wadaiwa wake wa ndizi wakiusikia wanaingia chooni.

Mbio zilitangazwa kuanza saa nne asubuhi. Kila mtu Susuni alielewa vizuri: saa nne maana yake mgeni rasmi anaoga. Saa tano anatafutwa. Saa sita anasalimia. Mbio zenyewe, Mungu akipenda, saa saba. Kwa hesabu hiyo iliyo sahihi kabisa, mama mmoja mwenye shamba la viazi kule juu aliona ana muda wa kutosha wa kwenda kuchimba, kujaza kikapu na kushuka kwa Njia ya Mbuzi kabla baiskeli hazijaanza.

Mama huyo anaitwa Nyangi. Mimi naweza kulitaja jina lake. Magige hawezi, kwa sababu ndiye aliyemzaa Wegesa.

Hapa wageni huwa wanacheka, kwa hiyo niseme vizuri. Kwa Wakurya mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawali pamoja, hawaangaliani usoni. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja anaacha njia. Kuna neno lake, ensoni: haya na heshima zimepikwa chungu kimoja. Miaka tisa ya ndoa, Magige anamjua mama mkwe wake kwa kisogo.

Sasa Salvatori ni mtu wa ajabu. Alisema saa nne, na saa nne kamili akapuliza filimbi. Mgeni rasmi alikuwa bado hajafunga tai.

Kupanda, Magige aliwaacha wote. Uwanda wa juu ulikuwa na ukungu na upepo wa kukata masikio, nyasi zimelala, maji yametuama katikati ya mawe. Wenzake walikuwa wanashuka kwenye baiskeli na kuziburuta matopeni, yeye anajua kila jiwe kwa tabia yake. Nyuma yake aliyekaribia alikuwa Limbu, Msukuma wa Bariadi aliyekuja kwenye machimbo ya dhahabu, akachimba miaka minne, akapata baiskeli ya gia na kikohozi. Magige alimwacha dakika sita nzima.

Akaanza kushuka. Njia ya Mbuzi ina sehemu moja katikati, kama mita mia mbili hivi, mlima umekatwa ukuta. Kulia ni mwamba. Kushoto ni hewa. Upana wake unatosha mbuzi wawili walioelewana. Magige aliingia pale kwa kasi, akazunguka kona, akaona kikapu cha viazi kinatembea, na chini ya kikapu, kanga, na kisogo anachokijua.

Alikamata breki mpaka zikalia kama nguruwe.

Mama Nyangi hakugeuka. Angegeukaje? Mlio ule aliujua kabla ya breki. Alichofanya ni kuongeza mwendo. Mama wa miaka sitini na mbili, kilo thelathini kichwani, anakimbia kwenye ukingo. Magige akasimama ili asionekane anamfukuza. Alipoona amekwenda mbali kidogo akasogea, kwii-ko. Mama akakimbia zaidi. Akasimama. Akasogea. Kwii-ko. Kikapu kikayumba, viazi vikamwagika njia nzima.

Sasa mama angeinama kuokota, na mkwe yuko nyuma yake? Afadhali aruke. Akabaki amesimama, uso umeelekea mwambani, kanga imefunika kichwa chote. Magige naye akageukia mwambani, hatua kumi nyuma. Wakaonekana kama wanafunzi wawili waliofukuzwa darasa moja.

Na walikuwa wanaonekana kweli. Uwanja wa shule uko chini pale pale. Watu wapatao mia tatu, simu zimeinuliwa.

Mama Nyangi akakiambia kikapu, "Wewe kikapu, mwambie aliye nyuma nimefumba macho. Apite. Atachelewa."

Magige akauambia usukani, "Usukani, sema hapatoshi. Wewe ni mpana, utamgusa."

"Kikapu, mwambie ainue hiyo baiskeli juu."

Akainua. Akapiga hatua tatu na baiskeli kichwani. Nne. Sita. Alikuwa karibu kiasi cha kusikia pumzi yake, na mawe ya ukingoni yakaanza kumomonyoka chini ya kisigino, na akafikiria: nikiteleza, nitashika nini? Cha kushika kilikuwa kimoja tu, nacho kimevaa kanga. Miguu ikakataa. Akarudi kinyumenyume hatua zote sita.

Limbu akatokea kwenye kona.

"Kaka Magige! Umechoka, au unasali?"

"Limbu, ndugu yangu, mwambie mama asogee mpaka pale chini penye upana. Unisaidie."

Limbu akaangalia kisogo cha mbele, akaangalia kisogo cha Magige, akaelewa. Miaka minne Tarime inatosha. "Huyo ni nani kwako?"

"Unajua ni nani."

"Sema tu, kaka."

"Siwezi kusema, mura, pita au nisaidie!"

"Nimekuja kushindana au kuvuna viazi?" Akabana baiskeli yake ubavuni, akapita nyuma ya Magige, akafika kwa mama. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe mtoto wa nani?"

"Wa Bariadi, mama."

"Haya pita, baba. Wewe huna shida na mtu."

Mama akajibana mwambani, Limbu akapita. Kwa kumtendea haki, aliokota viazi vitano akavirudisha kikapuni. Cha sita alikitia mfukoni. Kisha akapanda baiskeli, na chini makelele yakaanza.

Magige hakungoja kuyasikia yakiisha. Aligeuza baiskeli, akapanda tena mita zile, akazunguka kwa barabara ya malori, kilomita kumi na nne za ziada. Alifika uwanjani watu wanakula pilau.

"Kwa nini hukumwomba tu akupishe?" aliuliza Salvatori, kwa upole kabisa.

Wazee waliokuwa karibu walitazama sahani zao.

"Ningefika wa kwanza, bosi," alisema Magige, "halafu ningerudi kuishi na nani?"

"Ungekuja kuishi Natta."

"Hata Natta, mama yake Wegesa angekuja kumwona binti."

Salvatori alifikiri. "Nimeona unavyopanda. Lakini nilisema wa kwanza. Nikibadilisha leo, kesho hakuna atakayeniamini." Akampa soda, ingawa hakuwa hata wa pili.

Nyumbani Wegesa alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, simu mkononi. Video ilikuwa imeshafika Mugumu na kurudi.

"Baba Gati. Ulikuwa unamfukuza mama yangu?"

"Nilikuwa nimesimama!"

"Hapa unakimbia."

"Ninasogea."

"Na hapa umebeba baiskeli kichwani, unataka kumpiga nayo?"

Magige akaenda kurudisha keria mahali pake. Alikaza nati nne. Wegesa alimwangalia hadi nati ya mwisho, akazima simu, akasema taratibu, "Ungempita, nisingekaa na wewe. Na hukumpita, nimenuna. Niache tu leo."

Jumatatu alfajiri alifunga mikungu mitatu na kushika njia. Limbu yuko Natta. Anatuma picha akiwa amevaa helmeti, nyuma yake bati la kijani.

Wiki iliyofuata Wegesa alitoka kwa mama yake na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Kengele ya baiskeli, mpya, ya kung'aa. Foniksi ile haijawahi kuwa na kengele.

"Ametuma," alisema. "Uifunge leo, uwe unaipiga kuanzia kule juu kabla ya kona, apate muda wa kutoka njiani. Amesema mtapishana sana pale, miaka bado ni mingi."

Magige akaichukua, akaijaribu mara moja kwa kidole gumba, akatafuta bisibisi.

Kengele ile, ambayo siku ya mbio ingemwachia Limbu soda, pale Sirari inauzwa shilingi elfu tatu na mia tano.