Sauti ya Mjane wa Kasigau

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu Kasigau. Afisa wa elimu alituletea redio ya kaseti pamoja na masomo yaliyorekodiwa mjini. Mwanamke mwenye sauti tamu aliwahesabisha watoto mabasi na taa za barabarani. Tulipomaliza, msichana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, hizo taa ni za kufukuzia ndovu?"

Nikaona heri nitengeneze somo letu wenyewe. Upande mmoja wa kaseti ulikuwa mtupu. Nikaibeba redio hadi kwa mjane mmoja ambaye ndovu walizoea kumwingilia shambani. Nilitaka aeleze jinsi alivyohesabu mistari ya mahindi iliyoliwa na iliyobaki, watoto wajifunze kutoa.

Aliitazama mashine bila kuigusa.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, mama. Ni ya watoto."

"Na sauti yangu ikishaingia humo, itapelekwa wapi?"

"Itabaki shuleni."

"Watu wa gemu, hao askari wa wanyamapori, nao waliniuliza maswali kwa upole," akasema. "Nikawajibu. Wiki hiyo hiyo wakamchukua kaka yangu, eti ameua ndovu."

Nilirudi nyumbani nimeudhika. Mimi mzaliwa wa Bura, hapa hapa Taita, nidhaniwe mpelelezi! Lakini kwa siku kadhaa wanawake walinyamaza kila nilipofika kisimani, nikajua habari imeenea.

Nikamrudia. Safari hii nilimpa redio mkononi, nikamwonyesha kwamba akirekodi tena juu ya maneno yake, ya kwanza yanafutika. Alirekodi, akasikiliza, akafuta. Mara ya tatu akaniambia, "Chukua hii."

Watoto walicheka kumsikia akimtukana ndovu kwa Kidawida, lugha ya nyumbani, kisha wakafanya hesabu bila kukosea.

Muhula uliofuata afisa alikuja kukagua. Alisikiliza akitabasamu. Ghafla akairudisha kaseti nyuma kidogo.

"Huyu anayesema ndovu alipigwa mshale ni nani?"

 Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia mara nyingi, na kila mara nilihesabu mahindi tu.

"Ni hadithi ya darasani, bwana."

"Anakaa wapi?"

"Sijui. Watoto ndio waliomleta."

Aliitaka kaseti aende nayo ofisini kwake Voi. Nikamwambia darasa lina mtihani Ijumaa, nitaituma baadaye. Akaandika kitu daftarini, akaondoka.

Jioni hiyo hiyo nilimweleza mjane kila kitu. Hakunilaumu. Alibonyeza kitufe cha kurekodi, tukakaa kimya huku mashine ikirekodi kuku wake na upepo juu ya maneno yake. Kesho yake alirekodi somo upya, mahindi tu, bila mshale, na kaseti hiyo ndiyo niliyoituma Voi.

Afisa hakujibu. Pengine alipenda tu hadithi ile. Lakini kwa miezi mingi baadaye, kila gari geni liliposimama mbele ya shule, niliinuka kwanza kuangalia kama nambari yake ni ya serikali kabla ya kuendelea kufundisha.