Nyumba Iliyokuwa Kwenye Faili

Barua ya masista ilitufikia Jumamosi, na Jumatatu alfajiri nilikuwa barabarani. Walioniuliza ninakwenda wapi niliwaambia ninafuatilia mbegu za pamba Musoma. Haikuwa kweli. Nilikuwa ninakwenda kumwomba mtu asiyenijua aandike kwamba mimi na mke wangu tunafaa kulea mtoto, na nyumba aliyotakiwa kuiandika nilikuwa nimeibomoa kwa mikono yangu mwenyewe.

Mtoto anaitwa Moraa. Alizaliwa upande wa Kenya, karibu na Kisii, katika hospitali ya misheni ambako mke wangu, Nyangeta, alikuwa anasomea uuguzi. Mama yake alifariki siku ya pili, na hakuna ndugu aliyekuja kuuliza. Nyangeta alimnywesha maziwa kwa chupa miezi saba, mpaka alipomaliza masomo akarudi Bunda, tukaoana. Sisi wenyewe tumepoteza mimba mbili. Baada ya ile ya pili Nyangeta alisema hataki tena kusubiri mtoto asiye na sura. Wake ana sura, ana jina, na yuko mwendo wa siku moja na nusu kutoka shambani kwetu.

Masista wa hospitali ile, wanaomlea, hawakukataa. Walitaka kitu kimoja tu: barua ya ofisi ya ustawi wa jamii kwamba nyumba yetu imekaguliwa. Mkaguzi alikuja mwaka jana, akanywa chai, akaandika: nyumba ya matofali, vyumba vitatu, paa la bati, shamba la pamba, ng'ombe. Kisha akahamishwa kabla ya kusaini, faili likalala. Tukapanda tunasubiri, tukapalilia tunasubiri, tukachuma pamba, bado tunasubiri. Sasa masista wameandika kwamba kuna mume na mke kutoka Ulaya wanaomtaka mtoto yuleyule. Barua yetu isipofika kabla ya mwezi kuisha, hawataweza kuwazuia tena. Mwezi ulikuwa umebakiza siku kumi na tatu.

Katikati ya kusubiri huko serikali ikatuhamishia kijiji kipya. Mimi niliyetoka Chuo Kikuu na kurudi kulima, baada ya kugombana na kila aliyeniambia nitulie ofisini, nilichaguliwa kuwa katibu wa kamati ya kuhamia kijijini. Nilikuwa na maswali mengi. Nani alipima maji ya huko? Nani alichora mistari ile ya nyumba? Kwa nini tuhame kabla ya mavuno? Niliyauliza yote, na nilipokosa majibu nilifanya jambo ambalo mpaka leo sijaweza kulieleza vizuri: nikawa wa kwanza kung'oa mabati yangu, ili mtu asije akasema msomi anaongea tu. Yakaezekwa kwenye ghala la pamba la kijiji. Matofali yalikuwa mabichi. Mvua mbili zikayamaliza.

Jumatatu, nikiwa nafunga viatu, Nyangeta alisimama mlangoni mwa kibanda chetu cha nyasi.

"Huyo afisa mpya, utamwambia kuhusu nyumba?"

"Nikiulizwa."

"Magesa, wewe unaulizaga kila kitu. Leo unaomba usiulizwe?"

Nilikaza kamba za viatu. Nilipanda baiskeli hadi Nyasura, nikaiacha kwa rafiki, nikachukua basi.

Musoma, saa sita mchana. Ziwa lilikuwa limetulia, lakini mimi sikuliangalia. Nilikwenda moja kwa moja ofisini. Karani alikuwa anakula njugu juu ya rejista.

"Afisa hayupo, ndugu. Bi Nyamburi yuko ziarani. Leo na kesho yuko Butiama, halafu Buhemba."

"Na faili langu?"

Alilitafuta muda mrefu kiasi kwamba nilianza kuhesabu makabati. Alipolipata alinipa nilisome. Nilisoma habari za nyumba yangu kama mtu anayesoma habari za marehemu: kuta imara, madirisha mawili, jiko nje, choo kizuri.

"Mbona kila kitu kiko sawa," karani alisema. "Tatizo ni saini tu. Mpelekee mwenyewe, asaini. Hana haja ya kwenda tena huko kwenu, ripoti si hii?"

Akalitia kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi, akanikabidhi. Maneno yake yalinipa raha, lakini haikunifikisha hata mlangoni. Chuoni nilikuwa nasimama kwenye mikutano kudai viongozi waseme ukweli kuhusu takwimu zao. Sasa nimebeba ya kwangu kwapani, imefungwa kwa gundi.

Usiku huo nililala kwa mjomba wa Nyangeta, fundi cherehani karibu na soko. Alinipa ugali wa muhogo na furu, vile visamaki vidogo vya ziwani vyenye miiba kuliko nyama, akanitania mpaka nikachoka.

"Watu wa kwenu wanavukaga mpaka kufuata ng'ombe. Wewe unafuata mtoto!"

"Ng'ombe haulizwi barua, mjomba."

"Ndiyo maana wanafuata ng'ombe!" Alicheka peke yake, kisha akaniona sicheki. "Kula, baba. Miiba ya furu inataka mtu mwenye akili mahali pamoja."

Jumanne asubuhi nilipata lori la pamba lililokuwa linarudi tupu. Dereva alinishusha njia panda ya Butiama, nikamalizia kwa miguu. Kila niliyekutana naye alinielekeza kwa afisa wa ustawi kabla sijamaliza swali. Nilimkuta uani kwa dada yake, amekaa kwenye kigoda anapepeta mtama, miwani imeshuka puani. Ni mama wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Umetoka mbali, viatu vyako vinasema."

Alifungua bahasha kwa ukucha. Alisoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili, akarudi wa kwanza. Kalamu ilikuwa tayari mkononi. Nilikuwa naiangalia ile kalamu tu.

"Ndugu Magesa, hii iliandikwa mwaka jana. Kwenu hamkuhama?"

Nilikuwa nimeandaa majibu matatu, yote ya ujanja.

"Tulihama, mama."

"Nyumba hii ipo?"

"Haipo."

"Mnalala wapi?"

"Kwenye kibanda cha nyasi. Nyumba nyingine nimeisimamisha. Fito tu."

"Tangu lini?"

"Miezi miwili."

Alivua miwani. "Miezi miwili fito! Unaumwa?"

"Hapana."

"Kwenu hakuna risaga? Majirani hawajengeani?"

Nilianza kuokota mtama uliodondoka chini. Alinitazama, akalifunga faili, akaliweka chini ya ungo.

"Ijumaa natoka Buhemba nakwenda Bunda. Nitapita kwenu. Nikikuta nyumba, nitaandika nyumba. Nikikuta fito, nitaandika fito. Mimi siandiki vitu ambavyo sijaviona."

Nilitaka kumweleza habari za wale wa Ulaya na mwisho wa mwezi. Nilimweleza. Alisikiliza yote, akarudia kupepeta. "Viatu vilishaniambia una haraka, ndiyo maana nimesema Ijumaa," alisema. "Nilikuwa nipite wiki ijayo."

Jumatano nilirudi, lori mpaka Bunda, baiskeli kutoka Nyasura, na njia nzima nilifikiria lile swali la risaga. Kwetu mtu akiwa na kazi inayomzidi huwaita majirani. Wanakuja asubuhi na majembe yao, wanaimaliza kwa siku moja, naye anawapa ugali, nyama na pombe. Kesho ni zamu ya mwingine. Katika mkutano wa kwanza wa kijiji kipya nilisimama nikasema risaga ni ulevi uliovaa nguo za kazi. Kwamba sasa tutafanya kazi kwa kengele na orodha, na kwamba kila mtu atamaliza nyumba yake mwenyewe. Walipiga makofi. Kisha, kimyakimya, wakaitana risaga mstari kwa mstari, nyumba zote zikasimama. Yangu peke yake ilibaki mbavu nje, kwa sababu sikuweza kuita kitu nilichokikataza, na hakuna aliyeweza kuja bila kuitwa.

Nilifika saa tisa alasiri. Sikuingia hata ndani. Nilianzia nyumba ya kwanza ya mstari, kwa Mama Wakuru, mjane aliyenichukia waziwazi tangu siku nilipomwambia ahamishe kuku wake kabla ya jua kuzama.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuomba risaga. Kesho."

Aliita kwa sauti ili nyumba ya pili isikie: "Jamani! Katibu anataka ulevi!"

Watu walitoka. Mmoja akaniuliza iko wapi kengele. Mwingine akataka kuona orodha, jina lake ni la ngapi. Mzee Masatu, ambaye mabati yangu yalimfanya ang'oe ya kwake siku iliyofuata, hakutania. Alisema, "Ulitutoa kwenye nyumba zetu kwa mfano wako. Leo unataka tukutoe kwenye kibanda chako. Kwa nini?"

Hakuna aliyejua habari za mtoto. Tulikuwa tumezificha, tukiogopa kuchekwa ikishindikana. Nikasema pale barabarani, mbele ya wote: mimba mbili, Moraa, masista, Ijumaa. Sikumbuki nilivyozipanga. Nakumbuka hakuna aliyecheka, na kwamba Mzee Masatu alinipa mgongo akaondoka, nikaamini yamekwisha.

Usingizi haukuja. Nyangeta naye alikuwa macho, nilisikia anavyopumua.

Alhamisi, kabla jua halijapanda, wa kwanza kufika alikuwa Mzee Masatu na kamba za kufungia fito. "Mtoto hana kosa," alisema. "Wewe tutaongea baadaye." Wakafuata wengine na majembe, madebe, mafungu ya nyasi waliyoweka kwa mapaa yao wenyewe. Wanawake walikanyaga udongo shimoni, Mama Wakuru akiwa katikati, sketi imefungwa magotini.

"Msomi, lete maji! Chuoni hawakufundishaga kubeba maji?"

Nilibeba maji mpaka mabega yakafa ganzi. Nilijaribu mara moja kuuliza kama udongo ule haukuhitaji nyasi zaidi. Waliniambia kwa pamoja ninyamaze. Tulichinja dume letu moja. Jua lilipozama paa lilikuwa limeezekwa, kuta zimekandikwa pande zote, zinatoa jasho.

Ijumaa, saa nne. Gari la Bi Nyamburi lilisimama mwisho wa mstari, akaja kwa miguu. Alizunguka nyumba bila haraka. Aliingia, akatoka. Kisha akaukandamiza ukuta kwa kidole gumba, kidole kikazama mpaka kwenye ukucha.

"Hii ni ya jana."

"Ndiyo, mama."

Nyangeta alinishika mkono kwa nyuma, akaufinya.

Bi Nyamburi aliwageukia majirani, ambao walijifanya wanapita. "Huyu bwana mnamwonaje?"

"Mbishi," Mama Wakuru alisema. "Anaongeaga mpaka kuku wanalala. Lakini mkewe alimzalisha binti yangu, tumbo likiwa limekaa vibaya."

"Na mtoto akija hapa, wao wakiwa shambani?"

"Akilia tutasikia. Nyumba mlivyozibana hivi, nani asisikie?"

Afisa alikaa kwenye gogo akaandika. Alinisomea mstari mmoja: nyumba ya miti na udongo, mpya, bado mbichi; majirani wapo. Akasaini.

Nilitaka kuipeleka barua mwenyewe hadi Kisii, lakini masista walikuwa wameandika tusije mpaka tuitwe. Niliipeleka posta ya Bunda alasiri ileile, nikasimama dirishani mpaka nilipoona imegongwa muhuri.

Tangu hapo sikuwa na kazi nyingine ila kusubiri, nayo ndiyo kazi nisiyoiweza. Ukuta ulipasuka, tukaziba. Mwezi uliisha Jumapili bila jibu. Wasomaji watataka kujua nilijifunza nini katika safari hii fupi, na jibu langu si zuri sana. Nilikuwa nimedhani kuuliza maswali ni ushujaa. Lakini maswali yangu yote nilikuwa nawauliza watu wengine, na lile moja ambalo majibu yake yangeniaibisha nilimwachia mama mmoja mwenye ungo aniulize. Bado naona mistari ile ya nyumba ilichorwa vibaya. Bado naona tulihamishwa wakati mbaya. Lakini siku hizo watu wa mstari ule walikuwa wananiuliza kila asubuhi, "Barua?" na nilikuwa nikisema "Bado," na wao wakiendelea na njia yao wamenuna, kana kwamba wamecheleweshewa kitu chao.

Jumatano karani wa ushirika alifika kwa baiskeli akipiga kengele tangu mbali. Ilikuwa telegramu. Niliisoma kwa sauti barabarani, maana majirani wasingenikubalia nifanye vingine: BARUA IMEFIKA. NJOONI.

"Njooni," nilisema. "Njooni kumchukua, au njooni tuzungumze? Na wale wa Ulaya je? Kwa nini hawakusema..."

Nyangeta alikuwa ameshaingia ndani. Alitoka na khanga mpya mbili, moja ya kubebea, kikapu mkononi.

"Maswali utaniuliza njiani," alisema, akanipita.