Raba Moja na Patipati Moja

Usianze kuniambia nilikuwa nimechoka. Kila mtu ninayemsimulia kisa hiki huanzia hapo: "Ulikuwa na mtoto mchanga, hulali, akili ilikuwa imechoka." Sawa, nilikuwa nimechoka. Lakini tangu lini uchovu ukamwachia mtu viatu mkononi? Mimi nilirudi nyumbani na viatu vya mtu, mchana kweupe, na si mimi peke yangu niliyeviona. Kwa hivyo kaa, sikiliza mpaka mwisho, halafu uniambie huo ni uchovu wa aina gani.

Ilikuwa miaka ya tisini. Tuliishi Lucky Summer, wakati huo kati ya nyumba na nyumba bado unapata shamba la sukuma wiki. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, leo Mombasa, kesho Malaba. Mimi ni Mkamba, yeye ni Mbukusu. Tulikuwa tumejaliwa mtoto wetu wa kwanza, msichana, na huyo mtoto alikuwa analia. Nikisema analia usifikirie kile kilio cha watoto wote. Alilia akiwa na njaa, na ukimpa titi alilia zaidi, anageuza uso kama mtu aliyetukanwa. Kliniki walimpima wakasema hana ugonjwa. Wakampima tena, hana kitu. Na uzito unashuka! Ngozi ya mapaja ilikuwa imeanza kukunjana kama soksi iliyolegea. Nesi mmoja aliniangalia kwa huruma, nikajua anachofikiria. Mtoto wangu alikuwa ananifia mikononi huku kila mtu akiniambia ni mzima.

Mama mkwe akaja kutoka nyumbani, Bungoma, kusaidia. Kwao, mtoto akilia hivyo maana yake kuna marehemu wa ukoo anayetaka jina lake lipewe mtoto. Unambeba, unamtajia majina ya waliotangulia, mmoja baada ya mwingine. Akinyamaza kwa jina fulani, basi huyo ndiye amekuja. Kwetu Ukambani jina lina mpangilio wake, mtoto anapewa, chai inanywewa, watu wanaenda nyumbani. Lakini mimi nilikuwa nimefika mahali pa kujaribu lolote.

Mama akaanza na mama yake mwenyewe, Nekesa. Mtoto analia. Akamtaja nyanya ya mume wangu. Analia. Akataja wake za wajomba, akataja binamu aliyefia hospitalini, akataja hadi jirani aliyekuwa akimpenda sana. Analia tu.

"Mama, ndio wote hao?" nikamuuliza.

"Ndio wote," akasema, akaangalia dirishani.

Halafu akamrudia Nekesa, kwa sauti kubwa, utadhani mtoto ni kiziwi. Asubuhi Nekesa, jioni Nekesa. Wueh! Nikawa naota jina Nekesa.

Sasa, ofisini nilikofanya kazi ya kupiga taipu kulikuwa na karatasi imebandikwa ubaoni. Maonyesho ya sanaa ya kisasa, mitaa ya Eastlands, karibuni nyote. Kulikuwa na dada Mjapani aliyekuja na wasanii wenzake. Eti kwao kuna kisiwa kidogo ambacho vijana walihama wote, nyumba zikabaki tupu, wasanii wakaingia wakaweka kazi zao humo. Sasa watu huenda kisiwani, mtu peke yake, anatembea nyumba hadi nyumba kutwa nzima, anaangalia, hakuna anayemsemesha. Hakuna anayemsemesha! Nilisoma hapo mara mbili. Shuleni nilipenda sana kuchora, lakini nisikudanganye, siku hiyo sikuwa na haja sana na sanaa. Nilitaka kile kimya.

Jumamosi nikakamua maziwa, nikamwachia mama mkwe mtoto. "Nenda, mama," akaniambia, "hata wewe ni mtu." Nikatoka kama mtalii, na mandazi kwenye mkoba.

Nilianzia Muthurwa, kwenye chumba kitupu cha zamani cha wafanyakazi wa reli. Humo msanii alikuwa ametundika vikombe vya bati kwenye nyuzi, vimejaa kuanzia mlangoni hadi ukutani, upepo ukiingia vinagongana polepole. Nilisimama katikati. Ilikuwa vizuri, jamani. Nikafunga macho.

"Vikombe vyote hivi, na chai hakuna?"

Nikafungua macho. Shosho mmoja alikuwa amesimama kando yangu, kitambaa kichwani, leso kiunoni, ananikazia macho. Mguu wa kulia ulikuwa kwenye raba nyeusi. Wa kushoto ulikuwa umefura hivi, na ulikuwa kwenye patipati ya kijani, kandambili, maana hakuna raba ambayo ungeingia.

"Ni sanaa, shosho," nikasema.

"Sanaa ya kukausha watu koo. Hata karibu hakuna. Mke wetu, una nini hapo kwenye mkoba?"

Hilo "mke wetu" halikunishtua. Wazee wa magharibi huongea hivyo, na lafudhi yake ilikuwa ya huko, nikadhani humwita hivyo kila mwanamke aliyeolewa. Nikampa andazi anyamaze. Akala, akasema limekosa iliki. Nikampa andazi lingine limnyamazishe, wapi! Nikamuaga pale kwa adabu na kuondoka.

Nikaenda Gikomba, na nilitembea haraka, niamini. Nyuma ya maseremala kulikuwa na uwanja ambao msanii mwingine alishona mashati ya mitumba, mkono wa shati hili kwenye mkono wa lile, yakazunguka uwanja mzima kama watu walioshikana. Unaingia katikati unazungukwa. Kijana wa mkokoteni aliyekuwa akipumzika hapo akanicheka, "Sasa siz, hizo mashati zimekosa wenyewe?" Nikacheka pia. Ni mara ya kwanza nilikuwa nimecheka tangu nijifungue.

Na nani alikuwa amekaa juu ya belo la mitumba, ananyoosha ule mguu?

"Umechelewa," akasema.

Niambie, mtu wa mguu kama ule alinipita wapi? Nikajiambia labda alipata lifti. Nilikuwa nimeudhika mno hata sikutaka kujua.

"Shosho, hujambo tena. Mimi naangalia peke yangu, sawa?"

"Angalia, nani amekukataza?" Akaangalia mashati. "Ona. Hata nguo za watu wasiojulikana, wamezishikanisha zote. Hakuna iliyoachwa nje. Nyinyi mnashindwa na nini?"

"Sisi akina nani?"

"Nyinyi! Mnamwita huyu, mnamwita yule, na mimi nimesimama. Nimesimama na mguu huu!"

Nikafikiri, huyu amerukwa na akili, maskini. Ndiyo, nilimhurumia kidogo. Lakini nilikuwa nimeacha kilio kimoja nyumbani, sikuwa nimetoka kutafuta kingine. Nilifyonya, Mungu anisamehe, nikaondoka bila kuaga.

Chumba cha mwisho kilikuwa upande wa Baba Dogo, karibu kabisa na kwetu, cha yule dada Mjapani mwenyewe. Kilikuwa stoo ya fundi wa vinyago, Mkamba mwenzangu, na yeye ndiye aliyewekwa mlangoni. Alinieleza kwa Kikamba, nikaburudika. Unavua viatu hapa nje, kwa sababu ndivyo kwao Japani wanavyoingia nyumbani kwa mtu. Ndani ni giza. Unapapasa ukuta mpaka kwenye benchi, unakaa. "Mwanzoni hutaona kitu," akasema, "lakini usitoke. Macho yakizoea, mwanga unakuja wenyewe. Hata mimi nilidhani ni mzaha, mpaka nikauona."

Niliinama kufungua viatu. Nikainua kichwa, fundi anasema, "Karibuni, karibuni." Kwa wingi. Nikageuka. Shosho alikuwa ameshavua. Raba na patipati, zimepangwa kando ya viatu vyangu.

Unaniuliza kwa nini sikuondoka? Kwa sababu nilikuwa nimekataa! Siku moja tu niliyojitafutia, nifukuzwe na bibi nisiyemjua? Nikaingia kwa hasira, nikakaa mwisho kabisa wa benchi.

Giza lilikuwa giza haswa. Huoni mkono wako. Na kimya. Hata shosho alinyamaza. Nikaanza kupumua, mabega yakashuka, na nikiwa hapo nikasikia mtoto akilia. Kwa mbali, halafu karibu. Mama yeyote anajua kilio cha mtoto wake. Alikuwa wangu. Maziwa yakatoka yenyewe yakalowesha blauzi.

"Unamsikia?" sauti ya shosho, sikioni kabisa, na mimi sikumsikia akisogea. Haikuwa tena sauti ya kugomba. "Huyo si mtoto. Huyo ni mimi. Mwambie mke wa kaka yangu aniite. Nimechoka kusimama nje. Mtoto naye amechoka, hatufiki mbali."

Nilipiga ukelele, "Mama, niache!" nikapapasa ukuta, nikatoka nje bila kuona huo mwanga wao.

Fundi aliniuliza, "Na mama yako?"

"Si mama yangu!"

Tukangoja. Akamwita, kimya. Akachukua tochi, akaingia, akang'oa mbao za dirishani. Chumba kile kilikuwa na benchi na kuta, basi, na mlango ni ule mmoja tuliosimama mbele yake. Fundi alitoka amebadilika rangi. Unajua alichofanya? Aliokota raba na patipati kwa vidole viwili, akazifunga kwenye gazeti, akanisukumia kwapani.

"Nimekwambia si wangu!"

"Mliingia wawili, nimewaona kwa macho yangu. Mimi ni mzee wa kanisa, mama. Hivi viatu havilali kwangu."

Akafunga mlango. Ukitaka ukweli, nilikuwa na hasira kuliko hofu. Nilitembea hadi nyumbani nikigomba peke yangu barabarani, na nikamsikia mtoto wangu kabla sijafika kwenye geti. Kilio chenyewe kilikuwa kimepungua nguvu, na hilo lilinitisha kuliko mambo yote ya siku hiyo.

Mama mkwe alikuwa amembeba, anazunguka chumba. "Amekataa maziwa yote," akasema. "Nekesa, Nekesa, nyamaza." Nikatupa gazeti mezani nichukue mtoto. Gazeti likafunguka.

Mama mkwe alikaa chini pale pale sakafuni, mtoto mikononi.

"Hivyo viatu nilivichoma," akasema. "Nilivichoma mwenyewe, pamoja na mkeka wake. Umevitoa wapi?"

Ndipo nikaambiwa. Kulikuwa na dada ya baba mkwe, shangazi wa mume wangu, senge wanavyomwita. Naliaka. Mwenye mdomo, mwenye kukosoa kila chungu na kila mtoto. Mguu ulipofura alikuja kwa kaka yake kuuguzwa, na mama mkwe, ambaye alikuwa amesumbuliwa naye miaka yote ya ndoa yake, alishikwa na hasira siku moja kwa ajili ya mboga, akamwambia arudi alikotoka. Akarudi kwa miguu, raba moja na patipati moja. Hawakuonana tena mpaka mazishi, na ndipo vitu vyake vilipochomwa.

"Mama, mwite," nikasema.

"Huyo hapana."

"Mwite!"

"Hujui unachoomba. Nikimwita ameingia. Atakaa humu, atanisumbua mpaka nife!"

Sijawahi kumpandishia sauti mama mkwe wangu, si kabla ya siku hiyo wala baada yake. Niliushika mkono wa mtoto, ule mkono mwembamba, nikauweka mbele ya macho yake. "Mama, angalia hii. Wewe unaogopa kusumbuliwa? Mimi nazika!"

Akauangalia. Machozi yakaanza kumtoka, akajipangusa kwa leso, akajikohoza kama mtu anayebisha hodi.

"Naliaka," akasema. "Wifi. Nilikufukuza na ulikuwa mgonjwa. Nilikosea. Ingia ndani. Karibu nyumbani."

Mtoto alinyamaza katikati ya kilio. Hakupunguza, alinyamaza. Akamwangalia mama mkwe kwa muda mrefu, usoni, sijui kama nilimwona amekunja uso au ni mimi tu. Halafu akageuza kichwa akatafuta titi. Alinyonya mpaka nikaumia, na nilikuwa nalia na kucheka.

Viatu mama mkwe aliviosha, akarudi navyo Bungoma. Sikumuuliza alivipeleka wapi.

Huyo mtoto sasa ni mtu mzima, Naliaka. Baba yake, mtu mwenye ndevu, humwita senge na kumsalimia kwanza. Na mama mkwe? Alimwita wifi mpaka alipofariki, na alisumbuliwa kama alivyosema. Ugali wako umelegea, sufuria haijasuguliwa, kwani nyumba hii haina iliki? Mtoto wa miaka minne! Mama mkwe alipougua mara ya mwisho, alikataa kulishwa na mtu mwingine yeyote, na Naliaka alimlisha kijiko kwa kijiko huku akimgombeza kwamba anamwaga. Hata mimi hadi leo sipumui kwangu. Sijapata ile siku yangu ya kimya na sidhani nitaipata.

Kwa hivyo nakuonya, wewe uliye na mtoto au utakayekuwa naye. Akilia na madaktari wakakosa la kusema, usikae na wazee wakutajie wale wazuri tu, wale wa kusifiwa kanisani. Uliza ni nani wamemruka. Uliza waligombana na nani, nani alizikwa watu wakishusha pumzi. Watakwambia huyo hapana. Mwite huyo huyo. Atakusumbua, ndiyo, atakusumbua maisha yako yote. Lakini mtoto atanyonya.