Kitanda Kilichomzuia Baba Mlangoni

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Kisii, nikikaa chini ya kilima cha Nyanchwa, na nilikuwa msanii. Cheo cha kwanza nilipewa na serikali. Cha pili nilijipa mwenyewe. Nilifuga ndevu ambazo upande wa kushoto zilikataa katakata kuota, nikanunua kofia ya sufu ya kulaza sikioni, nikajizoesha kuwatazama watu kwa jicho moja huku nimefumba la pili. Wanafunzi waliamini kwamba naumwa macho. Mzazi mmoja, mama mwema wa Mosocho, aliniletea majani ya kuchemsha nijioshee.

Aliyenivimbisha kichwa alikuwa fundi mmoja wa fremu, mtu wa upande wa ziwani. Alikuwa amefanya kazi Nairobi katika duka la kuuza picha za kuchorwa, na alipokuja Kisii alikodi chumba kilichokuwa duka la vitambaa. Nyuma alitengeneza fremu za picha za harusi, ambazo ndizo zilizomlisha. Mbele alipaka kuta chokaa, akatundika picha za wachoraji, akakiita galari. Mji mzima ulichungulia mlangoni na kuuliza vitambaa vimehamia wapi. Siku niliyompelekea kazi zangu, alizipanga sakafuni, akarudi nyuma hatua tatu, akakuna kidevu.

"Mwalimu," akasema, "wewe ni mtu ya kisasa."

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kuanzia jioni ile ng'ombe wangu wote walikuwa wa bluu.

Akaniahidi maonyesho ya peke yangu, picha ishirini, kufunguliwa Jumapili alasiri ili Wasabato wawe wameshamaliza sabato yao na Wakatoliki misa yao. Na mimi katika maonyesho yale nilitaka kitu kimoja, wala sitakificha: nilitaka baba yangu aje, aone, aseme neno.

Baba alikuwa mkulima wa pareto na chai upande wa Nyamira, mzee wa kanisa, mtu ambaye maneno yake ungeweza kuyahesabu kwa vidole na vidole vikabaki. Nilipokuwa mtoto nilichora ng'ombe kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko la mama, kundi zima, na ndama wao. Baba alinichapa, akanipa ndoo ya udongo, nikaukandika ukuta upya. Tangu siku hiyo hakuwahi kuzungumzia michoro yangu, kwa wema wala kwa ubaya. Miaka ishirini! Ningeweza kuvumilia aseme ni upuuzi. Kunyamaza kwake ndiko kulikonila. Basi nikamwandikia barua, nikaikopi mara tatu ili mwandiko upendeze, nikampa mtu wa soko aipeleke.

Ili uelewe nilivyojiharibia, lazima nikueleze jambo moja la kwetu. Wagusii tuna heshima tunayoiita chinsoni, kati ya wazazi na watoto wao. Baba na mwana hawaonani utupu, hawatajiani mambo ya chumbani, na mwana akishaoa, baba haingii ndani ya nyumba yake. Atafika uani, ataletewa kiti, atakunywa chai yake hapo nje na kuondoka akiwa ameridhika. Hata mvua inyeshe, atajibanza chini ya paa. Baba alikuwa ameketi uani kwangu mara nyingi, na kizingiti changu alikuwa hajakivuka hata mara moja.

Nami, msomi, nililikumbuka hilo. Nilikuwa na mchoro wa wanawake wanaooga mtoni. Niliutoa wiki moja kabla, nikamwambia mwenye galari kwa sauti nzito, "Baba yangu anakuja. Lazima tuheshimu mila." Akauliza basi ukuta unaotazama mlango tutaweka nini. Nikamwambia aweke ile kubwa, ile ambayo haina mtu hata mmoja ndani yake, wala wa nguo wala wa utupu. Nilijiona nina akili za kugawia majirani.

Ile kubwa ilikuwa picha ya kitanda changu.

Nilikichora Jumapili moja ya mvua kwa rangi za kupaka milango, juu ya ubao mpana. Blanketi jekundu lenye mistari myeusi limevutwa nusu, mto una bonde mahali kichwa kilipolala, na kanga ya mke wangu inaning'inia kwenye ubavu wa kitanda. Mke wangu alipoiona alishika kiuno.

"Hicho ni kitanda changu."

"Ni sanaa."

"Hakijatandikwa. Watu watasema mke wa mwalimu halali wala haamki kama watu. Tandika hilo blanketi."

"Siwezi. Picha imekauka."

"Na baba mkwe akiiona?"

Nikamweleza, kwa uvumilivu wa mtu mkubwa, kwamba kitanda kilichochorwa si kitanda, ni wazo la kitanda. Akasema wazo hilo limelaliwa. Akarudi jikoni. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini nani alikuwa amenifundisha kwamba mkuu anaweza kuwa amebeba sufuria?

Jumapili ikafika. Kwa kuwa nusu ya wageni hawakugusa pombe, kulikuwa na soda, chai ya maziwa, njugu na ndizi mbivu. Mwenye galari alikuwa na karatasi ya vibandiko vyekundu vya mviringo. Picha ikinunuliwa, anabandika kimoja pembeni. Kufikia saa tisa vilikuwa vitano, na cha kwanza kabisa kilikuwa kwenye kitanda, kilichonunuliwa na afisa mmoja mgeni wa serikali. Mwalimu mwenzangu alivitazama vile vyekundu, akanishika bega kwa huruma. "Usijali," akaninong'oneza. "Kukosa tano katika ishirini si vibaya." Nilikuwa nimeanza kumwelimisha, jicho moja limefumbwa, nilipoona watu wa mlangoni wakisogea kando.

Baba alikuwa amefika. Koti la kanisani, kofia mkononi, fimbo, viatu vilivyofutwa matope kwa jani la mgomba. Mguu mmoja ulikuwa umeshainuka uvuke kizingiti. Akatazama mbele, akakiona kitanda, na mguu ukabaki hewani.

Alilijua lile blanketi. Yeye mwenyewe ndiye aliyelibeba kutoka dukani hadi kwa mama, na mama akatuletea tulipooana. Mguu ukarudi ulikotoka. Akageuka, akatazama barabara.

Hapo mwana mwenye akili angekimbia akaing'oa picha. Mimi nilitoka nje nikatoa mhadhara. Kwa Kigusii, ambacho hakina maneno ya ujinga niliotaka kuusema, nilimweleza baba yangu habari za sanaa ya kisasa. Nikamwambia ni ubao na rangi ya mlango. Nikamwambia hapa si nyumbani kwangu, ni duka. Nikamwambia hata yule afisa, mtu aliyesoma, ameinunua. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa na adabu kunishinda.

"Mwanangu," akasema, "sijaingia kwako kwa mlango wako. Leo niingie kwa mlango wa duka?"

Nilirudi ndani masikio yakiwaka moto. Nikamwambia mwenye galari tukitoe kitanda.

"Haiwezekani, mwalimu. Kibandiko nyekundu ikishawekwa, picha haitoki mpaka maonyesho iishe. Hiyo sasa ni mali ya mtu."

"Ni baba yangu yuko nje!"

"Naona. Na ni mzee ya heshima sana. Lakini mwenye picha pia ako hapa, anakula njugu."

Nikavuta kitambaa cha meza ya soda, nikakifunika kitanda kuanzia juu hadi chini, nikakaza pembe vizuri. Kisha nikatoka kwa ushindi, nikamwambia baba kila kitu kiko sawa, kimefunikwa. Akachungulia kwa nukta moja.

"Kitanda kilichofunikwa," akasema, "ni kitanda kilichotandikwa."

Nyuma ya mlango, mahali ambapo baba mkwe hangeweza kumwona, mke wangu aliangua kicheko. Kwa wiki mbili alikuwa ameomba kitanda kile kitandikwe, na sasa mumewe alikuwa amekitandika mbele ya mji mzima. Afisa wa serikali naye akacheka bila kujua anacheka nini. Nami nilisimama pale na kofia yangu ya sikio moja nikatamani ardhi ipasuke. Niliona aibu, ndiyo, lakini chini ya aibu kulikuwa na woga: baba alikuwa ameshaanza kuishika vizuri fimbo yake mkononi, kama anavyofanya akitaka kuondoka. Akiondoka, ndiyo basi. Asingerudi tena, wala nisingethubutu kumwandikia tena.

Nikakimbilia ndani, nikaanza kung'oa picha zisizo na kibandiko na kuzibeba nje. Mwenye galari alinifuata akilalamika kwamba hizi si nguo za mitumba za kuanikwa barazani. Niliziegemeza ukutani, moja baada ya nyingine, kama mtu anayehama. Wageni wakatoka na vikombe vyao kuona kuna nini, na mwenye galari alipoona wanunuzi wote wako nje, biashara ikamshinda hasira, akatoa mabenchi.

Baba akaanza kutazama. Alitazama kama anavyotazama mifugo mnadani, akiinama, akirudi nyuma. Mbele ya wachuma chai akasema, "Hawa wanachuma majani manne badala ya mawili. Kiwanda kitayakataa." Mbele ya ng'ombe wa bluu alikaa muda mrefu. "Alikula nini huyu?" Nikasema ni rangi tu. "Mpe chumvi," akasema, akaendelea. Nilimfuata kama mwanafunzi anayefuata daftari lake likisahihishwa, na moyo wangu, utaniamini, ulikuwa umejaa furaha. Miaka ishirini ya kimya, na sasa nilikuwa nakosolewa.

Ya mwisho ilikuwa mchoro wa kalamu ya risasi: mtu mzee katikati ya pareto, ameinama, ameonyeshwa kwa nyuma.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, baba."

Akaegemea fimbo. "Kwa nini mgongo?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa limepigwa taipu ndani, kwenye orodha ya picha: mgongo wa mkulima ni ishara ya bara linaloelekea kesho. Nilikuwa nimeitunga sentensi hiyo kwa siku mbili. Nilifungua mdomo niiseme, na mbele ya uso wake ikaniganda ulimini.

"Sikuwahi kuthubutu kukukazia macho," nikasema.

Alitazama huku na huku, akaona kreti tupu la soda, akaligeuza, akaketi. Akavua kofia, akaiweka kwenye goti. Akainua uso wake kwangu.

"Kazia sasa," akasema. "Gari la Nyamira haliondoki mpaka lijae."

Mwenye galari, ambaye tangu hapo nimemsamehe vibandiko vyake vyote, alinitia mkononi kalamu yake ya kupimia mbao. Karatasi haikuwepo, nikageuza orodha ya picha nikatumia upande wake mtupu. Kisha nikamtazama baba yangu. Kwa macho yote mawili. Niliona kovu dogo chini ya mdomo ambalo hadi leo sijui lilitoka wapi. Niliona nywele tatu za kidevu ambazo wembe ulizikosa ulipopita. Niliona kwamba amezeeka, na kwamba alikuwa akinitazama mimi vilevile, bila haraka, kana kwamba naye alikuwa akingoja ruhusa. Nikaharibu pua. Nilifuta nikaiharibu tena, upande wa pili.

Aliichukua karatasi, akaisogeza mbali na macho.

"Pua si yangu," akasema. Akaisogeza karibu kidogo. "Macho ni ya mama yangu."

Akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya Biblia aliyokuwa nayo mfukoni, akaenda stendi. Nilinyoa ndevu wiki hiyohiyo. Kitanda kilikwenda na afisa alipohamishwa, na mke wangu anaamini mpaka leo kwamba kuna wilaya nzima inayojua hatandiki.

Tulipomzika baba, miaka ya sabini ikielekea mwisho, mama alinipa ile karatasi. Ilikuwa bado ndani ya Biblia, mkunjo umepita juu ya pua na kuizidishia makosa. Nilimpelekea mwenye galari akaitia fremu nzuri ya msonobari, yenye kioo. Nikaileta nyumbani, nikasimama nayo mlangoni, msumari mdomoni, nyundo mkononi, na ghafla nikajua siwezi kuvuka naye kizingiti.

Iko barazani, ukuta wa nje, upande wa kulia wa mlango, mkabala na mahali ambapo kiti chake kilikuwa kikiwekwa. Wageni wanaojua mambo ya picha hunicheka: msanii mzima haelewi kwamba jua hula karatasi? Ninaelewa. Juzi mvua ilikuja ya upepo, mke wangu akapiga kelele kutoka ndani, "Baba mkwe analowa!" Nikatoka nikamfunika kwa koti langu, na kesho yake nikanunua mabati mawili nikaongeza baraza.